Mpingo wa Kilwa: cheti cha msitu kinavyopatikana na kinapokatikia

Mpingo wenye mzunguko wa sentimita 75 haukatwi. Wenye 76 unaweza kukatwa. Kanuni za misitu za Tanzania zinataka mpingo uwe na kipenyo kisichopungua sentimita 24 kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kipenyo hicho ni sawa na mzunguko wa sentimita 75.4. Mkanda wa fundi cherehani unatosha kuupima. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya usimamizi endelevu wa misitu, na wengi hudhani imeishia hapo.

Yanayobaki ni hesabu na karatasi, na ndiko cheti, yaani uthibitisho wa nje kwamba msitu unasimamiwa vizuri, kinakopatikana au kukosekana. Mfano mzuri uko Kilwa, mkoani Lindi. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha kundi cha Forest Stewardship Council (FSC), shirika la kimataifa la viwango vya misitu, kundi likisimamiwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative (MCDI). Kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji, cheti hicho kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Baadaye vijiji vingine vya wilaya hiyo viliongezwa, kikiwemo Nanjirinji A chenye msitu mkubwa.

Neno "kundi" lisipitwe haraka. Kijiji kimoja hakiwezi kubeba gharama za wakaguzi wa kimataifa kila mwaka. Katika cheti cha kundi, shirika moja linashika cheti, linatunza kumbukumbu za wote, linakagua wanachama wake, kisha mkaguzi wa nje anachagua vijiji vichache na kuvitembelea kwa niaba ya vingine. Ubaya wake nao uko wazi: kijiji kimoja kikivuruga mambo, kundi zima linahojiwa.

FSC yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Bonn, Ujerumani, haitoi cheti kwa mkono wake. Inaandika viwango vyenye kanuni 10, kuanzia utii wa sheria, haki za wafanyakazi na uhusiano na jamii hadi mpango wa usimamizi na ufuatiliaji. Taasisi huru zilizoidhinishwa ndizo zinazokagua na kutoa cheti. Cheti kinadumu miaka mitano, na katikati kuna ukaguzi kila mwaka.

Msitu ni wa nani

Kabla ya kuhesabu mti hata mmoja, kijiji lazima kiwe na haki ya kuuza. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji kwenye ardhi yake na kuuvuna kwa mpango wake. Mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, kamati ya maliasili inachaguliwa, mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapita kijijini kisha halmashauri ya wilaya. Wataalamu wa wilaya husaidia, lakini uamuzi wa fedha za mauzo zitumike wapi ni wa mkutano mkuu.

Panapoharibika zaidi ni mpaka. Kamati inatembea na kifaa cha GPS, inachukua alama, inapaka rangi kwenye miti, inarudi na ramani safi. Kijiji jirani hakikuitwa. Miaka miwili baadaye mnunuzi anafika na lori, na jirani anasema lile korongo ni lake. Mkaguzi wa cheti akifika atakwenda kwa jirani huyo bila kuandamana na kamati, na swali lake la kwanza litakuwa hilohilo. Dawa ni ya bei nafuu: vijiji vyote viwili vitembee mpaka pamoja, na muhtasari uwe na sahihi za pande zote pamoja na orodha ya alama za mpaka. Wafugaji wanaopitisha mifugo na wachoma mkaa nao waitwe, hata kama si wenyeji wa kudumu.

Miti mingapi kwa mwaka

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo palipo na makosa ya gharama kubwa.

Tuseme msitu una hekta 1,500. Hakuna anayehesabu miti yote. Timu inapita kwenye mistari iliyonyooka, ikihesabu miti iliyo ndani ya upana wa mita 20, kumi kila upande. Ikitembea jumla ya kilomita 15 inakuwa imekagua hekta 30, yaani asilimia 2 ya msitu. Mistari ipangwe juu ya ramani kabla ya kuingia porini. Timu ikijichagulia njia ikiwa huko, itafuata vijia vya watu na itaona msitu uliokwishaguswa, au itafuata miti mizuri na kurudi na hesabu ya ndoto.

Kwenye hekta hizo 30 imekutwa mipingo 45 yenye kipenyo cha sentimita 24 au zaidi. Hiyo ni 1.5 kwa hekta, kwa hiyo msitu mzima unakadiriwa kuwa na 2,250. Mfanyabiashara atasema: kateni 225 kwa mwaka, miaka kumi, msitu bado upo. Kamati nyingi zingekubali.

Lakini swali la usimamizi endelevu linahusu miti inayopanda daraja kila mwaka, ile inayotoka chini ya sentimita 24 na kuvuka. Kwa hiyo timu lazima iwe imehesabu pia miti ya sentimita 20 hadi 24. Tuseme imepata 60, yaani 3,000 kwa msitu mzima. Mpingo hukua polepole mno. Tuchukue kwa mfano kwamba unaongeza milimita 2 za kipenyo kwa mwaka. Sentimita 4 zitachukua miaka 20. Katika muda huo moto, tembo na ukame vitaondoa baadhi. Tukitoa theluthi moja, itabaki 2,000. Gawanya kwa miaka 20 upate miti 100 kwa mwaka. Ndiyo riba. Ukikata 225, unakula mtaji.

Bado hatujamaliza. Mpingo si mti wa mashine. Shina lake mara nyingi limepinda, lina migongo na mifereji, au limeoza kwa ndani. Kama nusu ya miti haifai kwa mnunuzi, basi inayofaa katika ile 100 ni 50 tu, kwa sababu mvunaji atachukua iliyonyooka na kuacha mingine. Kijiji kinachoruhusu mizuri 100 kwa mwaka kwa hoja kwamba hesabu ilisema 100, kinafyeka mbegu bora na kubaki na msitu wa miti iliyopinda. Kosa hili halionekani kwenye daftari kwa miaka mingi, na likija kuonekana halina tiba ya haraka.

Sasa tazama miti 50 inamaanisha nini. Mti mmoja ukitoa tuseme mita za ujazo 0.1 za gogo lenye thamani, mavuno ya mwaka ni mita za ujazo 5. Mpingo ni mzito, mita moja ya ujazo inazidi tani moja, ndiyo maana unazama majini. Hata hivyo mita 5 hazijazi lori la tani 10. Ndiyo sababu mpingo peke yake hauwezi kulisha mpango wa msitu wa kijiji cha ukubwa huu: lazima mpango uhusishe mninga, mkongo, mpangapanga na aina nyingine zinazopatikana, kila moja na hesabu yake na kipenyo chake cha chini, na vijiji kadhaa viuze pamoja. Mpango unaotaja "miti ya mbao" bila kutenganisha aina haufai, na mkaguzi anayejua kazi yake ataurudisha.

Ndani ya hesabu hiyo kuna maeneo ya kutoa kabisa: mita 60 kutoka kingo za mito, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka, miteremko mikali, makaburi na sehemu za matambiko, na sehemu zenye mimea au wanyama adimu. Hekta hizo zitolewe kabla ya kuzidisha. Kuna mipango inayozihifadhi kwenye ramani kisha inazihesabu kwenye mavuno, na hapo karatasi mbili za kijiji kimoja zinapingana.

Siku ya kukata

Mti unachaguliwa na kamati, mnunuzi hachagui. Unapimwa, unapewa namba, na namba hiyo inaandikwa mara mbili: moja usawa wa kifua, nyingine chini kabisa ya mahali msumeno utakapopita. Mti ukianguka, ya chini inabaki kwenye kisiki. Rangi ya mafuta inadumu kuliko chaki, na kibati kilichopigiliwa kinadumu kuliko rangi, ila moto wa nyasi unaweza kuondoa rangi yote. Kwa hiyo viwepo vyote viwili, na alama ya GPS daftarini.

Kwa mpingo, kukata ni kazi ya adabu. Mti ni mgumu, meno ya msumeno yanabutuka upesi, na fundi akiwa na haraka atakata juu juu ambako ni rahisi. Kila sentimita 10 za kisiki kirefu ni mpingo mweusi ulioachwa porini, tena sehemu nene kuliko zote. Weka kikomo kwenye mkataba, mfano sentimita 30 kutoka ardhini. Mdomo wa mwelekeo, yaani kata ya kwanza yenye umbo la kabari, uingie robo hadi theluthi ya kipenyo upande mti unakotakiwa kuangukia. Kata ya nyuma ije juu kidogo ya mdomo, na uachwe ukanda wa mbao usiokatwa, kama sehemu ya kumi ya kipenyo, uwe bawaba ya kuuongoza mti. Ukanda huo ukikatwa, mti unaamua wenyewe pa kuangukia, na mara nyingi unapasuka au unavunja miche iliyokuwa chini yake.

Kofia ngumu, buti, glavu na suruali ya kuzuia mnyororo wa msumeno ni sharti la cheti. Dosari za aina hii hutokea kirahisi, kwa kuwa vifaa vipo stoo na fundi yuko porini na kandambili.

Gogo linapimwa likiwa chini, bila magamba, kipenyo cha katikati. Kanuni ni 0.7854 mara kipenyo mara kipenyo mara urefu, vyote kwa mita. Gogo la mita 1.5 lenye sentimita 28 katikati lina mita za ujazo 0.092. Likipimwa kwenye ncha nene ya sentimita 32 linasoma 0.121, karibu theluthi zaidi. Likipimwa kwenye ncha nyembamba ya sentimita 24 linasoma 0.068, na kijiji kimepoteza zaidi ya robo. Mnunuzi mzoefu hatabishana kuhusu bei. Atajitolea kushika mkanda.

Kisha nyundo inagonga alama kwenye gogo na kwenye kisiki, namba ya mti inaandikwa kwenye ncha ya gogo, na mti uliotoa magogo matatu unakuwa 47A, 47B na 47C. Ncha zipakwe nta mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana, la sivyo jua litazipasua na kazi yote iliyotangulia itaishia kuwa kuni za bei kubwa.

Kuhusu moto, ambao haukati mti lakini unaozesha moyo wake. Moto wa mwisho wa kiangazi unababua ngozi ya shina karibu na ardhi, kidonda hakifungi, ukungu unaingia, na baada ya miaka mingi gogo linafunguliwa kiwandani likiwa na shimo katikati. Ndiyo sababu misitu yenye mpango mzuri huchoma nyasi mapema, mvua zikiwa zimetoka kuisha na majani bado yana unyevu, moto ukiwa mdogo na usiopanda. Kuchoma mapema kwa vipande kunaacha mabaka yasiyo na nyasi, na moto mkubwa wa Septemba na Oktoba unakosa njia. Mpingo ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi, kwa hiyo kuukinga kisiki na moto misimu ya mwanzo ni sehemu ya mavuno yajayo.

Mnyororo unapokatika

Msitu ukishakuwa na cheti, kila anayemiliki mali hiyo baadaye lazima naye awe na cheti, kinachoitwa cheti cha mnyororo wa umiliki. Mwenye lori anayebeba tu bila kununua hahitaji. Dalali anayenunua leo na kuuza kesho anahitaji, hata kama gogo halikushuka kwenye lori. Hapa ndipo mali nyingi yenye cheti inakufa: kijiji kimefanya kila kitu, akanunua mtu wa kati asiye na cheti, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kuandika FSC kwenye ankara, hata kiwanda chenye cheti kikija kuinunua.

Ankara halali inabeba vitu viwili: msimbo wa cheti cha muuzaji na dai la bidhaa, mfano "FSC 100%". Nembo kwenye kichwa cha barua si dai. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu nayo si dai. Inathibitisha kwamba mzigo umelipiwa na umepita kwenye vituo vya ukaguzi, basi. Kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, vilevile ni jambo jingine: tangu Januari 2017 jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iko kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambao biashara yao ya nje inahitaji kibali (isipokuwa spishi moja ya Brazili iliyo kwenye Kiambatisho cha I chenye masharti makali zaidi), na mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika na sehemu zake ziliondolewa kwenye sharti hilo. Vipande vya mpingo vinavyokwenda kutengenezewa klarineti Ulaya bado vinahitaji kibali. Mzigo mmoja unaweza kuwa na karatasi hizo mbili zikiwa sahihi na usiwe na cheti cha FSC, na kuwa na cheti cha FSC hakuuondolei mzigo haja ya karatasi hizo.

Kiwandani mkaguzi anatafuta mlinganyo. Kiasi gani chenye cheti kiliingia, kiasi gani kilitoka, na kilichopotea kinaeleweka? Kwa mpingo wa ala za muziki, kinachotoka kama vipande safi mara nyingi hakifiki sehemu moja kwa kumi ya gogo, kwa sababu weupe wa nje, nyufa, mafundo na mashimo vyote vinatupwa. Kiwanda kinachoonyesha nusu ya gogo imegeuka kuwa vipande vya klarineti kinajishtaki chenyewe: kimechanganya mpingo usio na cheti. Kwa hiyo mali yenye cheti itengwe kimwili, iwe na rangi yake kwenye ncha, ipasuliwe zamu yake, na kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Dosari zikipatikana zinagawanywa. Kubwa inapewa miezi mitatu kurekebishwa, ndogo mwaka mmoja. Usipoitimiza ndogo, inapanda kuwa kubwa. Usipoitimiza kubwa, cheti kinasimamishwa na mauzo yenye dai yanakoma siku hiyo.

Mnunuzi aangalie nini

Kwenye nembo kuna msimbo wa leseni unaoanza na FSC-C na tarakimu sita. Uingize kwenye hifadhidata ya FSC mtandaoni. Utaona jina la kampuni, kama cheti kiko hai, na bidhaa na aina za miti zilizomo. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kampuni inaweza kuwa na cheti hai cha misonobari na ikakuuzia mninga. "FSC Mix" maana yake kuna mchanganyiko wa mali ya cheti, iliyorejelezwa au nyingine iliyodhibitiwa (isiyo na cheti kamili ila imechunguzwa chanzo chake), si kwamba kila ubao umetoka msitu wenye cheti.

Je, inalipa? Kwa soko la mbao la Buguruni au Keko, jijini Dar es Salaam, hapana. Pale mteja anauliza urefu, unene na bei. Wachongaji nao hawana mteja anayedai cheti, na Kenya, mpingo ulipoadimika, wengi walihamia mwarobaini na jakaranda. Cheti kinalipa pale tu mnunuzi wa mwisho, kwa kawaida mtengeneza ala za muziki wa Ulaya au Marekani, amekiandika kwenye oda yake na kiwanda cha katikati kina mnyororo wa umiliki. Kijiji kisicho na mnunuzi wa aina hiyo kitangulize msitu uliotangazwa kisheria, hesabu ya aina moja moja, namba kwenye visiki na mauzo ya wazi. Kazi hiyo ni ileile ambayo mkaguzi angekuja kuitazama, na kujiunga na kundi lenye cheti kunawezekana mwaka wowote oda itakapopatikana.